Mguu wa Nakiete na Cherehani ya Namkunda

Hapo zamani, magari yalipoanza kuwazidi punda kwa wingi na kwa ubishi, palikuwa na miji miwili kwenye safu moja ya milima. Mmoja uliitwa Mapatano, wa pili Madaiano. Watu wake walioana, walizikana, waliuziana tangawizi na maharage. Walishindwana katika jambo moja tu: mtu akiumizwa na gari, afanyiwe nini?

Watu wa Mapatano walikuwa wamechoshwa na kesi. Wakaweka sheria kwamba kila gari liwe na bima katika Mfuko wa mji, na kila anayeumia ndani ya gari atibiwe na bima ya gari lile lile alilopanda. Asiulizwe nani kakosa. Naye asimshtaki mtu. Mahakamani haendi, ila awe amekatwa kiungo au amekufa, na waliokufa hawakuwahi kuilalamikia sheria hiyo.

Watu wa Madaiano walisikia wakacheka. "Aliyevunja ndiye alipe," wakasema. Alipe matibabu, alipe siku za kazi zilizopotea, alipe maumivu, alipe hata usingizi uliokosekana. Sheria tamu kweli! Ila kwanza ithibitishwe nani kavunja, na mpaka ithibitishwe, aliyevunjika asubiri. Ndiyo maana Madaiano mawakili walikuwa wengi kuliko mafundi magari, na viatu vyao vilikuwa vizuri zaidi.

Ukiumia Mapatano, uliulizwa: "Umeumia wapi?"

Ukiumia Madaiano, uliulizwa: "Nani kakuumiza?"

Na sheria ikikaa sana na watu huwafundisha adabu zake. Mapatano, magari yakigongana, madereva walishuka, wakapeana mikono, wakasifiana rangi za magari, wakaondoka. Neno samahani lilikuwa limewatoka midomoni kwa kukosa kazi. Madaiano nako hakuna aliyethubutu kulitamka, kwa maana wakili angelidaka likiwa hewani na kulipeleka kwa hakimu. Hata pole ilikuwa hatari. Ukimkanyaga mtu sokoni, ulitazama juu, ukatafuta shahidi.

Sasa, huko Mapatano aliishi fundi cherehani jina lake Namkunda. Alikuwa na cherehani moja ya kukanyaga, na kwa mguu wake wa kulia aliikanyaga toka asubuhi hadi jioni, akala, akavaa, akalipa kodi ya chumba. Dada yake wa tumbo moja, Nakiete, alikuwa ameolewa Madaiano, akafiwa na mume, akabaki akifanya biashara ya tangawizi. Walipendana kama ndugu wanaoishi mbalimbali wapendanavyo: kwa salamu nyingi na lawama kidogo.

Jumamosi moja Namkunda alikuwa na gauni la harusi la kupeleka Madaiano. Gauni lenye mkia mrefu, kitambaa cha kuteleza, ushanga kifuani. Bibi harusi alikuwa ameshaonya: "Fundi, nikiona mkunjo, silipi." Bahati nzuri, au tuite bahati tu, mpambe wa bwana harusi alikuwa kijana wa Mapatano, Mchomvu, mwenye gari dogo jeupe. Akampa lifti. Namkunda alikaa kiti cha nyuma na gauni akalitundika dirishani, upande wa kushoto, likaziba kioo chote kama pazia.

"Kaka Mchomvu," aliuliza, "gauni halikuzuii kuona?"

"Dada, barabara hii naijua hata nikifumba macho," alisema Mchomvu. Na ni kama alikuwa ameyafumba, maana kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, alikuwa amekigeuza ajitazame. Tai ilikuwa inamsumbua. Aliivuta kulia, ikaenda kushoto. Aliivuta kushoto, ikapanda juu.

Namkunda akanyamaza. Hakupenda jibu lile, lakini mikunjo ilimtisha kuliko kona.

Kutoka mashambani, upande wa kushoto, kulikuwa na njia inayoteremka na kuingia barabara kuu kwa nyuma nyuma, mahali ambapo dereva asipogeuza shingo haoni kitu. Mahali hapo pako ndani ya Madaiano, kidogo tu baada ya mpaka. Na kwenye njia hiyo, saa hiyo hiyo, lilikuwa linashuka lori la Mzee Kirumbuyo limejaa magunia ya tangawizi. Breki za lori hilo zilikuwa na tabia yake. Ukizikanyaga zilikuwa kwanza zinafikiri. Mzee alilijua hilo. Abiria wake wa siku zote, aliyekaa pembeni yake kiti cha mbele, alilijua pia, lakini Mzee Kirumbuyo alimtoza nauli ndogo. Na abiria huyo hakuwa mwingine ila Nakiete.

Mchomvu alikuwa anavuta tai. Gauni lilikuwa linaziba kioo. Breki zilikuwa zinafikiri.

Puu!

Gari dogo lilizunguka, lori likalala ubavu, tangawizi ikamwagika barabara nzima. Vumbi lilipotulia, Namkunda alijikuta chini, juu ya lami, mguu wa kulia umevunjika kwenye kifundo. Akageuza kichwa. Akamwona dada yake amekaa katikati ya tangawizi, ameshika mguu wake wa kulia, umevunjika kwenye kifundo. Mguu ule ule, mfupa ule ule.

"Dada!" alilia Namkunda. "Dada yangu, samahani, ni mimi, ni lile ga..."

"Mmesikia?" Mzee Kirumbuyo aliruka juu, damu ikimtoka puani. "Kasema samahani! Gari dogo limesema samahani! Nyote ni mashahidi!"

Maana watu wa Madaiano walikuwa wameshafika. Mashahidi walifika kwanza, waliobeba machela wakafika baadaye. Mchomvu naye akamziba Namkunda mdomo kwa kiganja. "Dada, huku si kwetu," alimnong'oneza. "Huku maneno yanalipiwa." Na neno lile likabaki nusu, gauni likabaki na alama ya tairi, bibi harusi akaolewa na vazi la kuazima.

Tuanze na Namkunda.

Hospitali ya Mapatano, alikorudishwa, kabla hajapewa maji, alifika Bwana Mfinanga, msimamizi wa Mfuko wa Mapatano, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. "Umeumia wapi, mama?"

"Kifundo cha mguu, baba."

Siku hiyo hiyo daktari aliunyoosha mfupa, akautia chuma, akaufunga plasta. Mfuko ukalipa. Kila mwezi Mfuko ulimpa posho ya kula. Hakuna aliyemsumbua kwa swali hata moja, na hilo ndilo lililoanza kumsumbua.

"Bwana Mfinanga," alisema siku moja, "kuna jambo nataka kulisema. Ile ajali, gauni mimi ndiye..."

Bwana Mfinanga aliziba masikio kwa vidole. "Sikukuuliza, mama! Kwetu hatuulizi. Ukianza kuniambia nani kakosa, kesho atakuja mwingine aniambie, na keshokutwa tutakuwa Madaiano."

Plasta ilitolewa. Mguu ulikuwa umenyooka, lakini ukikanyaga cherehani kwa muda mrefu uliuma kama jino. Posho ikakatika.

"Bado unauma," alisema Namkunda.

"Kifundo kwa kawaida huwa kimeshapona muda huu."

"Hiki hakijapona. Nashona nusu ya nilivyokuwa nashona."

"Mama, Mfuko unalipa mguu. Mguu wa fundi cherehani na mguu wa mzee anayeota jua, kwetu ni mguu tu. Maumivu hayamo." Akamwachia tabasamu na kalenda ya Mfuko.

Na Mchomvu? Mchomvu alitengeneza gari, akanunua tai mpya, akamgonga mbuzi. Baada ya mbuzi akagonga ukuta wa shule. Bima yake haikupanda hata kidogo, maana kupandisha kungekuwa kusema amekosa. Alimpungia Namkunda mkono kila alipopita, na Namkunda alikuwa anaruka mtaroni.

Sasa tumwone Nakiete.

Kitandani kwake alifika Wakili Senkoro, mtu mrefu, viatu vinang'aa. "Nani kakuumiza, mama?"

"Mguu unaniuma, baba."

"Nimeuona. Nani kakuumiza?"

Hospitali ilitaka malipo kwanza. Kampuni ya bima ya lori ilisema haitoi kitu mpaka hakimu aseme lori limekosa. Mfuko wa Mapatano ulisema lori si gari lake. Basi Nakiete akarudishwa nyumbani na mguu wake, akaitwa mganga wa mifupa, akaufunga kwa vijiti na majani.

Namkunda, mwenyewe bado anachechemea, alikusanya akiba yake akavuka mpaka. "Dada, twende hospitali. Mguu unapinda huu. Ukiunganika hivi hautarudi."

Wakili Senkoro alikuwepo, anakunywa chai ya mgonjwa. "Usiuguse mguu huo!" alisema. "Mguu huo ni ushahidi. Ukinyooshwa, nitamwonyesha nini hakimu? Mguu mzuri?"

"Wakili, huyu ni mtu!"

"Ni mdai. Na mdai akipona, kesi inaugua."

Namkunda akamtazama dada yake. Nakiete akatazama ukutani. "Mdogo wangu, niache," alisema. "Nimeshavumilia mwanzo, nitavumilia na mwisho. Nikishinda nitalipwa mpaka machozi. Wewe huko kwenu walikulipa machozi?"

"Hawakunilipa."

"Basi niache."

Na aliposema niache, Namkunda alitaka kumwambia habari ya gauni. Lakini wakili alikuwa ametoa kalamu. Akarudi Mapatano na neno lake tumboni.

Kesi ikaahirishwa. Hakimu ana mafua. Kesi ikaahirishwa. Shahidi kahama. Kesi ikaahirishwa. Mvua imeharibu barabara, wakili wa kampuni ya bima kakwama. Tangawizi ilipandwa, ikavunwa, ikapandwa tena. Mguu wa Nakiete uliunganika umepinda, kisigino kikitazama pembeni kama mtu aliyeudhika. Kila aliyeuona alisema kesi hiyo sasa ni nzuri sana.

Hatimaye siku ikafika, na Namkunda akaitwa kutoa ushahidi. Watu walianza kumfuata kama nzi.

Mchomvu alikuja kwake na kilo ya sukari. "Dada, sema lori halikupiga honi. Basi."

Bwana Mfinanga alikuja na sauti yake ya kubembeleza. "Mama, ukisema huko kwamba umekosa, Mfuko haukujui. Sisi tunalipa miguu, hatulipi makosa."

Wakili Senkoro alikuja mwisho. "Utaulizwa breki, sema breki. Utaulizwa tai, sema tai. Gauni usilitaje."

Namkunda akashtuka. "Kumbe unajua habari ya gauni?"

"Nilijua siku ya kwanza, kuna shahidi aliliona limening'inia. Lakini mama, lori lina bima, gari dogo lina mwenyewe, naye ana nyumba ya kuuzwa. Gauni halina bima. Kosa likienda kwenye gauni, dada yako atamdai nani?"

Mahakama ilijaa. Mzee Kirumbuyo aliapa kwamba breki zake zilikuwa kali kama mbwa. Mchomvu, aliyeletwa na bwana harusi kwa ahadi kwamba hatakamatwa, aliapa kwamba tai alikuwa ameifunga nyumbani. Namkunda akasimama. Aliulizwa breki, akajibu hajui. Aliulizwa tai, akajibu aliiona ikivutwa. Wakili Senkoro akasema, "Sina swali zaidi," akaketi haraka.

Hapo Nakiete, aliyekuwa amekaa benchi la mbele na mkongojo wake, akainua kichwa. Haikuwa zamu yake kusema.

"Mdogo wangu," aliuliza, "siku ile pale barabarani ulitaka kuniambia nini?"

Hakimu aligonga meza. Hakuna aliyemsikiliza.

"Ni gauni, dada," alisema Namkunda. "Nililitundika mimi dirishani, likaziba kioo. Nilijua linaziba. Nilimuuliza dereva, akanijibu ovyo, nikanyamaza, kwa sababu niliogopa mikunjo. Toka siku ile nimekuwa nikitaka kukwambia. Kwetu waliziba masikio, kwenu wakatoa kalamu."

Wakili Senkoro alifunika uso. Hakimu, ambaye sasa alikuwa amepata hamu ya kazi, akamgeukia Nakiete.

"Na wewe mama, breki za lori hili ulikuwa unazijua?"

Nakiete alimtazama mdogo wake, kisha hakimu. "Nilizijua. Nauli ilikuwa ndogo."

Hakimu akalikata kosa kama keki. Kipande kikubwa akampa Mzee Kirumbuyo kwa breki. Kipande kingine Mchomvu kwa tai. Kipande Namkunda kwa gauni. Na kipande cha mwisho akampa Nakiete mwenyewe, kwa kupanda akijua. Kila mmoja alipe kwa ukubwa wa kipande chake, na cha Nakiete kipunguzwe kwenye fidia yake. Madaiano wote wakapiga makofi. Haki imetendeka!

Ikabaki kulipwa.

Kampuni ya bima ya lori ilisema: sisi tulikatia bima lori lenye breki, hili lisilo na breki hatulijui. Mzee Kirumbuyo akageuza mifuko ya suruali nje. Lori lake lilikuwa chuma chakavu kule kwenye kona, hana shamba, hana mbuzi. Mchomvu aliondoka kwa mlango wa nyuma, akavuka mpaka, na huko Mapatano hukumu ya kosa haiingii, sheria haiitambui. Akawa anakunywa chai upande wa pili, akimpungia karani wa mahakama mkono.

"Na wewe kaa humu humu," Bwana Mfinanga alimwambia Namkunda. "Hawawezi kukugusa. Shona nguo zako."

Namkunda alikaa. Alishona siku chache. Kila alipokanyaga cherehani aliuona mguu wake ukipanda na kushuka, umenyooka. Asubuhi moja akakodi mkokoteni, akaipakia cherehani, akavuka mpaka nayo hadi uani kwa dada yake.

Habari zilikuwa zimemtangulia, watu wamejaa.

"Dada, sina kingine," alisema. "Ichukue, uiuze."

Wakili Senkoro alikuwa wa kwanza kusogea. "Theluthi yangu," alisema. "Nimesimama kwenye kesi hii miaka yote bila kulipwa hata nauli. Bila mimi msingesikia hata neno gauni. Nachukua kichwa cha mashine, mabaki mgawane."

Bwana Mfinanga akafika anatweta, shati limeloa. "Rudisha cherehani hiyo! Mguu uliokuwa unaikanyaga umetibiwa kwa michango ya watu wa Mapatano, wala hatukukuuliza kitu. Leo ukilipa kosa, kesho kila mtu wetu atadaiwa alipe. Wewe mmoja utaubomoa mji mzima kwa ajili ya roho yako kutulia?"

Mzee Kirumbuyo alisema kwa sauti ndogo, "Mimi nimepoteza lori. Nalo si kulipa?" Mchomvu hakuja, alituma salamu.

Nakiete alijikongoja hadi kwenye mkokoteni. Akaweka mkono juu ya cherehani.

"Mdogo wangu," alisema, "mguu wangu umepinda, na sijaona senti ya mtu. Wewe ndiye uliyeziba kioo. Nikikwambia rudi nayo, nitakuwa nimevunjwa bure."

"Kweli, dada."

"Lakini kati ya wote waliokosa, wewe peke yako umesema, na wewe peke yako unalipa. Ungenyamaza ungekuwa unashona. Nikiichukua, nitakuwa nimekuadhibu kwa kunijibu."

"Kweli pia, dada."

Watu wa Madaiano wakapiga kelele: "Achukue! Aliyekosa alipe!" Watu wa Mapatano waliokuwa wamevuka kuja kutazama wakapiga kelele: "Asichukue! Kosa halina bei!" Wakili ameshika kichwa cha mashine, Mfinanga ameshika gurudumu la mkokoteni, madada wawili wanatazamana na hakuna anayelia. Mpaka leo nikipita miji ile nawakuta wanabishana, na ajali haziishi.

Nyie mliosikiliza, msinitazame mimi. Kuna aliyevuta tai, kuna aliyejua breki akaendesha, kuna aliyejua breki akapanda, kuna aliyetundika gauni. Kuna aliyezuia mguu usinyooshwe, na kuna aliyeziba masikio. Je, nani alistahili kuubeba mguu wa Nakiete? Na cherehani ile, nani alistahili kuondoka nayo?